Pamba Fifi Mbele ya Madhabahu

Mdogo wangu Magesa na mimi tulimzika mama yetu kijijini kwetu Buswahili bila kusalimiana. Yeye alisimama upande mmoja wa kaburi, mimi upande wa pili. Mchungaji aliposema wafiwa watupe udongo, kila mmoja alisubiri mwenzake amalize ndipo asogee. Waombolezaji waliona. Watu wa kwetu huona kila kitu msibani.

Kilichotufikisha pale hakikuwa shamba wala ng'ombe, mambo ambayo ndugu wengi hapa Mara hugombania. Kilikuwa ni gunia moja la pamba lililoletwa kanisani. Kazi yangu yote ya ajira ilikuwa kupanga madaraja ya pamba, kwanza Bunda, kisha Butiama, mwisho hapa Musoma. Vijana wa kanisa letu la Kitaji huniuliza kazi hiyo ilikuwaje. Nitawaeleza kazi kwanza, kwa sababu asiyeielewa kazi hawezi kulielewa gunia lile.

Siku ya kwanza niliripoti kituo cha kununulia pamba cha Nyasura, Bunda, nikiwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Katibu wa Chama cha Msingi cha wakulima, mtu mnene mwenye sauti ya chini, aliniangalia kuanzia kola hadi viatu.

"Hilo shati ni la kanisani, kijana. Huku mpaka jioni utakuwa na nyuzi hadi kwenye kope. Wewe ni mlokole?"

"Naam, mzee."

"Basi utapata shida. Huku utawaona walokole wenzako kabla hawajanawa mikono."

Nilidhani anatania. Alinipeleka palipokuwa na foleni ya magunia akaanza kunifundisha. Pamba inapotoka shambani huitwa pamba mbegu, maana nyuzi bado zimeshika mbegu zake. Ina madaraja mawili. Safi ni ile nyeupe, kavu, isiyo na majani wala mchanga. Fifi ni ile iliyobadilika rangi, iliyookotwa chini, au iliyonyonywa na kangambili, yule mdudu mwekundu ambaye huacha madoa ya njano kwenye nyuzi. Mkulima anatakiwa kuzitenganisha nyumbani kwake juu ya kichanja, na kila daraja lina bei yake.

Ukitaka kujua ukavu, unang'ata mbegu. Mbegu kavu inavunjika kwa mlio, mbichi inabonyea kama maharage ya jana. Vilevile unafumbata pamba kiganjani kisha unaachia. Iliyo kavu inafumka, iliyomwagiwa maji ili iongeze uzito inabaki imejikunja. Lakini kipimo ambacho Katibu alikithamini kuliko vyote kilikuwa kuzamisha mkono. Unafungua mdomo wa gunia, unaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, unashika cha chini na kukileta juu. Hii ni kwa sababu ya mchezo uitwao kufunika: mtu anajaza gunia fifi, halafu anaweka safi juu.

"Macho yako yasikudanganye," alisema. "Pamba ya juu imepangwa kwa ajili ya macho. Wewe uliza ya chini."

Mchana ule karani wa mizani alilikataa gunia moja akamwambia mpagazi, "Peleka kule, hiyo pamba ya kanisa." Niliuliza ni kanisa gani. Wote wakacheka. Katibu akanieleza kwamba pale kituoni ndivyo walivyoiita fifi. Kila mwaka baada ya ibada ya mavuno, makanisa yote ya jirani huleta pamba iliyotolewa na waumini, na miaka yote aliyokaa pale hajawahi kupokea gunia la safi kutoka kanisani.

"Safi wanatuletea sisi," alisema. "Fifi wanampelekea Mungu. Halafu Mungu naye anatuletea sisi."

Nilicheka pamoja nao, lakini nilirudi nyumbani nikiwa mnyonge. Nilikumbuka magunia niliyoyaona tangu utotoni mbele ya madhabahu, watu wakiyachezea ngoma na kupiga vigelegele. Hakuna aliyekuwa na nia ya kumtukana Mungu. Ilikuwa desturi tu. Mkulima alichambua pamba yake, akaweka pembeni ile ambayo mnunuzi angeinunua kwa shida, na kwa kuwa ilikuwa pembeni tayari, ndiyo aliyoibeba Jumapili.

Baada ya misimu kadhaa nilihamishiwa Butiama, kituo cha Buswahili, nyumbani kwetu. Mkaguzi wa Wilaya hakupenda kumpanga mtu kwao. Alinionya mbele ya wenzangu: "Ukimpendelea shangazi yako hata kwa kilo moja, utarudi kulima naye." Nilimjibu kwamba shangazi yangu halimi pamba. Nilikuwa na furaha isiyo kifani kwa sababu Magesa alikuwa kule.

Baba alifariki Magesa akiwa bado hajaanza shule. Mimi ndiye niliyempakia kwenye baiskeli kumpeleka darasa la kwanza. Mimi ndiye niliyemwombea posa. Alikuwa akiniita Kaka, na akichoka au akiumwa aliteleza akaniita Baba. Kama kuna mtu niliyempenda kuliko nafsi yangu, ni yeye. Nilipofika Buswahili nilimkuta ni mkulima hodari kupita wote na mzee wa kanisa. Nyumba yake ya matofali ilikuwa imefika kwenye linta.

Msimu wangu wa kwanza pale, nilisaidia kubeba magunia ya mavuno kutoka kanisani hadi stoo. Mkono uliozoea kazi hauhitaji kuambiwa. Nililishika gunia la Magesa nikajua. Jioni nilimfuata kwake, nikamkuta akianua pamba.

"Magesa, lile gunia lako la kanisani lina kangambili mpaka chini."

Alinitazama akaanza kucheka. "Kaka! Yaani umezamisha mkono kwenye sadaka?"

"Sikuhitaji kuzamisha."

"Sikiliza, kaka. Mungu hanaga mizani. Mungu anaangaliaga moyo."

"Ndicho kinachonisumbua."

Aliacha kucheka. Aliniambia kwamba kanisa linauza pamba ile kununua mabati, na bati haliulizi kama lilitokana na safi au fifi. Ana nyumba anajenga, ana watoto wanasoma. "Nikishapaua, nitampelekea Bwana safi lori zima. Utakuja kuzamisha mkono mpaka uchoke." Mkewe akatuletea uji, tukanywa, tukaongea habari za mvua. Nilimpenda hata alipokuwa akinijibu vile.

Alipaua. Kisha akaanza uzio. Baada ya uzio yakaja maduka mawili pale senta.

Ndipo tulipoletewa mchungaji mpya, mgeni kutoka nje ya mkoa, mwembamba, mwenye kusema polepole. Yeye hakuijua desturi yetu. Alipokwenda na wazee kuuza pamba ya kanisa na kuisikia yote ikiitwa fifi, aliuliza kama ulikuwa mwaka mbaya. Wazee wakaanza kuhesabu magunia. Msimu uliofuata alitangaza madhabahuni: "Mwaka huu pamba ya Bwana itapangwa madaraja hapahapa, mbele yenu, kama inavyopangwa kituoni. Mkaguzi tunaye." Akaninyooshea kidole.

Nilikwenda kwa Magesa wiki ileile, nikamsihi. Nilimwambia abadilishe gunia, au asilete kabisa, nami sitauliza.

"Nisilete? Mzee wa kanisa?" alisema. "Nitaleta kama siku zote. Na wewe hutanifanyia vile, kaka. Nakujua."

Siku ya mavuno kanisa lilijaa hadi nje. Magunia yalipangwa mbele. Bibi Wegesa, mjane aliyekaa jirani na shule, alileta kifurushi cha kitenge, si gunia. Nilizamisha mkono. Ilikuwa nyeupe mpaka chini, hata jani moja sikulikuta.

"Bibi, hii yote umechambua mwenyewe?"

"Sasa nani anichambulie, na mume wangu yuko kaburini?"

Watu walicheka, na kicheko kile kililegeza vifua. Waliofuata wengi walikuwa fifi, na walijua. Mmoja alipaza sauti, "Andika upesi, Mkaguzi, usinicheleweshee aibu!" Mchungaji mwenyewe alitabasamu. Nilianza kudhani siku itapita salama.

Nikafika kwa Magesa. Alikuwa amesimama nyuma ya gunia lake, suti yake ya kijivu imemkaa vizuri. Nilipoinama aliniambia kwa sauti ya kunong'ona, "Ya juu inatosha, kaka."

Ya juu ilikuwa safi sana. Nilifikiria baiskeli, nilimfikiria baba. Nilifikiria pia kifurushi cha yule mjane, kilichokuwa miguuni pangu. Nikazamisha mkono. Chini palikuwa na unyevu na madonge. Nilileta juu konzi la pamba ya njano, kila aliyekaa viti vya mbele akaliona.

"Fifi," nikasema.

"Kaka, nitazame."

"Nakutazama."

"Sema tena."

"Ni fifi, Magesa."

Alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeelezwa njia. "Haya, Bwana Mkaguzi," alisema. Akashika kofia yake, akatoka kwa mlango mkubwa. Tangu siku ile hakuniita tena Kaka, na hakuingia tena kanisani Buswahili.

Mchungaji alimwendea nyumbani mara nyingi. Mimi pia nilikwenda. Mkewe alitupokea kwa heshima, akatuambia shemeji na mchungaji wasamehe, mwenye nyumba ametoka. Nilizoea kuona baiskeli yake ikiwa imeegemezwa ukutani wakati nikiambiwa ametoka.

Mambo yake ya dunia yalimnyookea. Alianza kuwa wakala wa wanunuzi, yaani alikusanya pamba vijijini kwa niaba yao. Akanunua lori, kisha la pili. Alijenga Musoma, huku Kitaji, nyumba yenye madirisha makubwa ya vioo, akamchukua mama akae naye. Mimi nilihamishiwa Musoma pia, kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, mahali ambapo mashine zenye misumeno hutenga nyuzi na mbegu. Nilikuwa mkaguzi wa mapokezi, nikisimama getini kila lori linapoingia. Kazi ile ni nzito kuliko ya kituoni. Jiwe dogo likipita na pamba hadi kwenye misumeno, linatoa cheche, na pamba ikishika moto haina subira. Meneja wa Kiwanda alikuwa akinikumbusha: "Hapa getini unalinda watu, si nyuzi tu."

Malori ya Magesa yalikuwa yakija pale. Madereva wake waliniheshimu kupita kiasi. Nilizamisha mkono, nikapitisha iliyofaa, nikarudisha isiyofaa. Ilirudi mara nyingi.

Siku moja alituma mtu aniite nyumbani kwake. Nilijiandaa kama mposaji. Nilivaa vizuri, mke wangu Mama Rhoda akanisindikiza hadi barabarani, akaniambia, "Akikukaribisha chakula, kula. Usiulize kitu." Nilimkuta Magesa sebuleni, mama ameketi kando yake kwenye kochi kubwa lililommeza. Alinikaribisha soda. Aliuliza habari za watoto wangu kwa majina. Kisha akasema.

"Hapo nyuma ya uzio kuna kiwanja na nyumba ndogo, imeisha. Ni ya kwako. Hamia hata kesho. Tutakaa pamoja, mama akituona sote."



"Sikuombi useme uongo," aliendelea. "Nakuomba lori langu likifika usizamishe mkono. Tazama juu, andika unachokiona. Utakuwa umeandika kweli."

"Na ya chini?"

"Ya chini niachie mimi na Mungu wangu."

Mama alinitazama. Alikuwa amekonda. "Mwanangu," alisema, "ni mkono tu. Ninyi ni wawili tu nilionao."

Wasomaji vijana, mkisikia habari za mtu aliyekataa mali kwa ajili ya Bwana, msidhani alikuwa akitazamana na mali. Nyumba ile haikunitikisa. Kilichonitikisa ni kwamba Magesa alikuwa amekaa karibu nami kiasi cha kugusana magoti. Kama ningekubali, ningempata. Nilitafuta njia ya kumpata yeye bila kukubali lile jambo, nikiwa na glasi ya soda mkononi, lakini njia hiyo sikuiona. Nilimfikiria pia yule mfanyakazi anayesimama karibu na misumeno, ambaye hana ndugu mwenye lori.

"Sitaweza, Magesa," nikasema.

Alisimama akanifungulia mlango. "Karibu tena, Bwana Mkaguzi."

Nyumbani mvua ilikuwa inanyesha na Mama Rhoda alikuwa ameweka sufuria chini ya paa panapovuja. Nilimweleza yote. Alihamisha sufuria.

"Unaona nimekosea?" nikamuuliza.

"Sijasema ungekubali. Ila nimeona mvua inanyesha." Baadaye akaongeza, "Na mama sasa tutamwonaje?"

Tulimwona kwa nadra, Magesa akiwa safarini. Mama alipozidiwa aliomba arudishwe Buswahili akafie kwake. Nilipomkalisha kitandani aliniuliza kama nimeshakula chakula na mdogo wangu. Nilimjibu, "Bado, mama." Alisema, "Haya," kama mtu aliyeambiwa basi halijafika. Alifariki kabla jibu halijabadilika. Magesa aligharamia jeneza na turubai na chakula cha waombolezaji wote, mimi nilichimba kaburi pamoja na vijana, kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho. Mengine niliyataja mwanzoni.

Nilistaafu nikiwa bado getini. Meneja wa Kiwanda alisema kwenye hafla ndogo kwamba hakuna moto uliowahi kuwashwa na mzigo niliopitisha mimi. Wafanyakazi walipiga makofi. Ni sifa ambayo sitaikana, maana ni kweli.

Lakini wapo wanaonitumia kama mfano mahubirini, na hapo sina raha. Wanasema nilitanguliza ya mbinguni, na mengine yote nikazidishiwa. Nyumba yangu mnaijua. Mke wangu mnamwona anavyokwenda sokoni. Hayo hayaniumizi, tulishayakubali zamani. Linaloniuma ni kwamba katika maombi yangu ya kila siku kuna jina moja ambalo halijawahi kuzidishwa hata kidogo. Nimeuliza kama ningeweza kumwambia Magesa neno lile kwa namna nyingine. Nilimwambia faraghani, nilimwambia kwa kumsihi, nilimwambia mbele ya watu nilipolazimika. Sijui namna iliyobaki. Kama ipo, wazee walioijua walikufa bila kunifundisha. Ninachoweza kuwaambia vijana ni hiki: kumchagua Mungu si biashara yenye faida iliyokwisha kupigiwa hesabu. Mtu anachagua, kisha anakaa na alichokipoteza, na kila asubuhi anachagua tena.

Mwaka huu, katikati ya wimbo wa kwanza Jumapili moja, Magesa aliingia kanisani kwetu Kitaji. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Mimi hukaa mbele na wazee wenzangu, nikageuka mara moja tu. Amezeeka. Wimbo wa mwisho ulipoanza, kabla ya baraka, alitoka. Jumapili iliyofuata ilikuwa vilevile, na nyingine baada ya hiyo. Hakusalimia mtu, na wala hakuja na suti. Nilijaribu kuulizia kwa utaratibu, kama nilivyozoea kazini. Jirani mmoja alisema malori ameyauza kwa sababu ya benki. Mwingine alisema ameyauza mwenyewe na anazunguka vijijini akiwalipa wakulima aliowapunja. Sijapata mtu aliyeona kwa macho yake lolote kati ya hayo.

Mchungaji wetu kijana, asiyejua habari hizi, alinishika mkono mlangoni.

"Mzee, yule baba wa benchi la nyuma mnafanana sana."

"Ni mdogo wangu wa tumbo moja."

"Mbona hamkai pamoja?"

Nilimwambia nitamjibu Jumapili ijayo. Jumapili hiyo niliwaacha wazee mbele, nikaenda kukaa kwenye benchi la mwisho, upande wa ukutani, nikaacha nafasi upande wa mlango. Wimbo wa kwanza uliimbwa. Mahubiri yalikwisha, sadaka ikapita, baraka ikatolewa. Hakuja.

Nilitoka moja kwa moja hadi kwake. Mlinzi wa geti alisema bosi wake aliondoka Ijumaa na begi moja dogo, akasema anakwenda Buswahili. Simu yake haipatikani. Buswahili nimepiga kwa kila mtu ninayemjua. Wanasema hawajamwona.